Dizeli Alfajiri ya Baridi: Kuitambua Kazi ya Fundi

Akaaye mtaa wa Dallas mjini Embu huenda akadhani kwamba habari ya kuipasha moto injini ya dizeli kabla ya kuiwasha ni ya watu wa mbali, wa Alaska na Kanada, ambako magari huning'iniza waya wa umeme mbele ya grili ili hita iliyozama katika maji ya injini iyatie joto usiku kucha. Na kwa hita hiyo dhana yake ni sahihi, maana hata Julai baridi ya Embu haifikii kiasi hicho. Walakini gari la Embu huenda likalala Timau au Kibirichia likingoja shehena ya viazi, na huko, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, injini ya dizeli, ambayo haina cheche bali hutegemea joto la hewa iliyobanwa, hunyang'anywa joto hilo na chuma baridi kabla mafuta hayajapata kushika.

Dawa yake huku kwetu ni hita plagi, kijiti cha chuma kipenyacho kichwa cha injini, kimoja kwa kila silinda, na kuiva chekundu kwa muda mfupi. Fundi stadi hafungui kitu kabla ya kupima. Huanza na betri, tena wakati stata inapozunguka, kwani betri ikilegea injini huzunguka kivivu na hewa haibanwi sawasawa. Kisha huvua waya na kuipima kila plagi kwa mita, ambapo nzima aghalabu husoma chini ya omu mbili na iliyokatika haisomi kitu. Anayeagiza plagi nne mpya kabla ya hayo ni muuza vipuri. Utazame na mkono wake: plagi ya miaka mingi hushikwa na masizi, na mwenye pupa huikata, ncha ikabaki ndani, ikawa sasa ni kufungua kichwa kizima; mahiri huipasha injini kwanza, akatia mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri, na baada ya kuitoa akasafisha tundu na kuingiza mpya kwa vidole mpaka uzi ushike. Na asome volti iliyoandikwa, maana zipo Toyota za zamani zenye betri ya volti 12 na plagi za volti 6, na anayezichanganya huziunguza.

Ipo bidaa ya kuiruka rilei, swichi inayopeleka umeme kwenye plagi, na kufunga kitufe cha kubonyeza, wakati mwingine kile kile cha kengele ya mlango. Kitufe si haramu, madhali kinaiamuru rilei tu. Lakini plagi nne kwa pamoja huweza kula zaidi ya ampea 40, na waya mwembamba unaobebeshwa mzigo huo bila fyuzi utalainika ganda siku moja, dereva akiwa amesahau kidole juu ya kitufe. Anayepuliza spirei ya kuwashia katika injini yenye hita plagi hana haja ya kupimwa zaidi: mvuke ule hulipuka ukikutana na plagi ya moto.

Alama ninayoithamini kuliko zote iko mbali na plagi. Uliza thamostati iko wapi. Mafundi wengi huing'oa kwa hoja kwamba injini isichemke, ilhali kazi yake ni kuyazuia maji yasikimbilie rejeta mpaka yafikie nyuzi 80 na kitu. Bila hiyo injini ya Timau hupanda milima ikiwa vuguvugu, ikila dizeli na kujaza masizi yale yale yanayozinasa plagi.

Malipo na yangoje. Injini iliyokuwa ikifanya kazi mchana huwaka jioni hata kwa plagi mbovu, basi gari na lilale nje, liwashwe alfajiri fundi akiwepo. Ikishika kwa mzunguko mmoja au miwili, moshi mweupe ukatoweka upesi, mlipe. Ikichechemea kwa silinda moja huku moshi ukiwasha macho, airudie mita yake.