Mpichi wa Uani: Jinsi Tulivyoulaza ili Uchanue Mapema

Mwanzoni mwa Agosti, vumbi la Tunduma likiwa limetanda kutoka kwenye foleni ya malori hadi juu ya mabati yetu, mti mmoja nyuma ya jiko husimama bila jani hata moja, umejaa maua ya rangi ya waridi kutoka shinani hadi nchani. Ni mpichi, wengine huuita mfyulisi. Miaka mitano ya kwanza haukuwa hivyo. Ulikuwa kijani mwaka mzima, na vijiua vichache vilitokea kimoja kimoja, leo hapa, mwezi ujao pale. Naeleza tulichobadilisha kwa sababu kosa letu naliona katika nyumba nyingi za hapa mjini.

Kosa lilikuwa maji. Kokwa tulilipanda kando ya mfereji wa jikoni, tukidhani tunautendea mti wema. Lakini asili ya mpichi ni China, kwenye majira ya baridi kali: hupukutisha majani, hulala, kisha huamka kwa maua kabla ya majani. Wataalamu hupima usingizi huo kwa saa za baridi iliyo chini ya nyuzi joto 7. Zipo aina zinazodai saa 800 na zaidi. Flordaprince, iliyozalishwa Florida kwa ajili ya maeneo ya joto, hutosheka na takriban 150. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu unauma kweli, ila jua la mchana hufuta sehemu ya kazi ya usiku. Baridi inahitaji kusaidiwa na kiangazi, nasi kila jioni tulikuwa tukikiharibu kwa beseni la maji ya vyombo.

Mvua zilipokatika mwezi Mei, tuligeuza mfereji ukaelekea kwenye migomba. Mwishoni mwa Juni majani yalikuwa yamepauka lakini bado yameng'ang'ania, tukayapukutisha kwa mkono, tukivuta taratibu tusing'oe macho ya kuchipua. Si uchawi wala ukatili. Wakulima wa matofaa wa Batu, kisiwani Java, ambako baridi ya namna hiyo haipo kabisa, hufanya vivyo hivyo ili miti yao ichanue.

Kisha mkasi, na hapa ndipo wengi hupotea. Mpichi hauchanui kwenye tawi kuukuu la kijivu, wala kwenye chipukizi la mwaka huu. Huchanua kwenye fito za mwaka jana, nene kama penseli, nyekundu upande wa jua na kijani upande wa kivuli. Shika ufito mmoja uutazame kwa karibu. Kwenye kifundo utaona mara nyingi macho matatu: mawili ya pembeni manene, yenye manyoya laini, hayo ni maua, la katikati jembamba, lenye ncha, hilo ni jani. Anayekata fito zote ili mti uwe nadhifu amekata maua yote. Asiyekata kabisa, baada ya miaka michache fito changa zinabaki juu asikozifikia. Sisi tuliondoa matawi makuukuu ya katikati, tukauacha mti wazi kama kikombe, na fito nzuri tukazibakiza.

Macho yalipovimba ndipo tuliporudisha maji, ndoo mbili kwa wiki, na matandazo ya nyasi kavu shinani. Mti mmoja unatosha, maana mpichi wa kawaida hujichavusha wenyewe. Nyuki huongeza tu. Matunda yalipofikia ukubwa wa karanga tuliyapunguza, tukiacha nafasi ya kiganja kati ya moja na jingine. Inauma kuyatupa, lakini yasipopunguzwa yote hubaki madogo na tawi hupasuka.

Uzuri wa maua unanifurahisha, sikatai. Faida kubwa zaidi ni tarehe. Pichi letu huchukua karibu miezi minne kutoka ua hadi kuiva. Ua la Oktoba huivia kwenye mvua za Februari, wakati ukungu unaoozesha matunda na nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, wanapofanya kazi yao. Ua la Agosti huivia mwanzoni mwa Desemba, mvua zikiwa changa.

Kwa hiyo mwenye mpichi Tunduma, Vwawa au kule Ileje: Mei ikifika, funga maji.