Kicheko Juu ya Maiti: Wapelelezi Watatu wa Arconia

Wapo wahakiki, hata humu mabwenini mwetu, wanaoshikilia kwamba hadithi ya upelelezi ikishatiwa vichekesho haina tena dhamira, imebaki burudani ya kupotezea muda. Mimi nakataa. Ushahidi wangu ni tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, Only Murders in the Building, ya Steve Martin na John Hoffman, ambayo msimu wake wa kwanza wa sehemu 10 ulitoka mwaka 2021. (Asiyetaka kumjua muuaji aishie hapa.)

Tim Kono, mkazi wa Arconia, jumba la fleti mjini New York, anakutwa amekufa kwa risasi. Askari wanasema kajiua. Majirani watatu hawakubali: Charles, mwigizaji mzee aliyewahi kuigiza mpelelezi, Oliver, mwongozaji wa michezo ya jukwaani aliyefilisika, na binti Mabel. Ujuzi wao wote ni kusikiliza podikasti ya mauaji, basi nao wanaanzisha yao. Kwetu mpelelezi asiye askari si mgeni, tunaye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Ila Bwana Msa anawazidi wote akili, nasi twamsikiliza kama wanafunzi. Hawa wa Arconia wanabahatisha tu. Hata mwanamuziki Sting, anayeigiza nafsi yake mwenyewe, wanamtuhumu!

Kejeli kali iko kwenye kikao cha wakazi cha kumkumbuka marehemu. Huzuni yote inakwenda kwa paka wa jirani aliyekufa usiku uleule. Tunacheka, halafu tunajiuliza: hivi sisi tunamlilia nani? Mtu kaishi na watu ukuta kwa ukuta na hana wa kumlilia. Oliver naye anatafuta hadithi ya kuuza kabla ya kutafuta haki, na msanii hamfichi. Hapo ndipo kichekesho kinapofanya kazi ambayo hotuba isingeiweza.

Lakini kilele cha kifani, kwa maoni yangu, ni sehemu ya 7. Inamfuata Theo, kijana kiziwi, na karibu yote inapita bila neno kusemwa. Watu wanaoishi kwa sauti, wenye kinasa sauti mkononi, wanachunguzwa na mtu anayesoma midomo yao kutoka mbali. Mtazamaji ananyang'anywa masikio aliyozoea kuyategemea. Na katika kimya hicho ndipo tunapoonyeshwa siri ya zamani: Theo ndiye aliyekuwa akivutana na msichana Zoe juu ya paa hadi akaanguka akafa, Tim aliona, baba yake Theo akamtisha anyamaze. Kijana Oscar akafungwa miaka 10 kwa kosa lisilo lake. Ukimya wa fani na ukimya wa Tim vimekuwa kitu kimoja. Tunafundishwa darasani kwamba fani na maudhui havitenganishwi. Mimi sijaona mfano ulio wazi kuliko huu.

Ndiyo maana mwisho wake umeniudhi. Muuaji ni Jan, mpiga basuni, mpenzi wa Charles, na sababu ni kwamba Tim alimwacha. Ati mapenzi! Sikatai, dalili zilipandwa vizuri, na msuko haukutudanganya. Ila baada ya kutuonyesha jumba zima lililonufaika kwa kunyamaza, tamthilia inampachika hatia mwanamke mmoja mwenye wivu, na majirani wengi wanapona. Mpenzi wa vitendawili ataridhika, kwa kuwa jibu limepatikana. Mimi nilibaki namfikiria Oscar. Yeye amerudi Arconia, anapita kwenye korido zilezile, na katika sherehe ya ushindi ya wapelelezi wetu sikumwona mkazi hata mmoja akimwomba radhi.