Chumvi Mapema, Ndimu Mwisho

Kilo moja ya maharage makavu ina protini gramu 210 hivi, na kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa haiizidi kwa kiasi cha maana. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku. Hesabu hii ndiyo inayoyaweka maharage kwenye masufuria ya shule za bweni na ya mama ntilie, na kwenye meza za nyumba nyingi zinazosubiri mwisho wa mwezi. Ila hesabu hiyo inahusu maharage yaliyo dukani. Tangu yatoke dukani hadi yafike kwenye sahani, pesa nyingine huliwa na mkaa, na sehemu ya lishe hupotea kwa sababu ya mambo yanayofanywa kabla au baada ya wakati wake. Nataka niifuate sufuria moja hatua kwa hatua, kwa sababu mengi ya kurekebisha humo hayahitaji hata shilingi.

Kosa la kwanza linaweza kutokea sokoni. Kila mpishi wa Dar es Salaam amewahi kukutana na maharage yanayochemka mchana kutwa na bado yanagonga meno. Hayo ni maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevunyevu. Kadiri yanavyokaa, gundi asilia inayoshikilia seli zake hukazana na inakataa kuyeyuka hata kwa moto mkali. Bei yake inaweza kuwa ya chini, lakini debe la mkaa linamaliza punguzo lote. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huuliza, "Haya yanaiva?" kabla ya kuuliza bei. Muuzaji atajibu, "Yanaiva dada, haya mapya kabisa," naye mnunuzi atamtazama usoni, kisha ataangalia rangi: maharage ya rangi hafifu yaliyogeuka kuwa meusimeusi mara nyingi yamezeeka. Ukitaka kununua kwa wingi, nunua robo kilo kwanza, uipike, ndipo urudi kuchukua kilo kumi. Mkaa ukiwa shida kubwa zaidi, choroko na kunde huiva haraka kuliko maharage na zina protini inayokaribiana nayo. Mbaazi nazo zina misimu yake ya kushuka bei. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoingiza, wakulima wa Lindi na Mtwara waliachwa na magunia yasiyo na soko. Iliwaumiza sana, na ilikuwa ukumbusho kwamba chakula bora kabisa kililimwa hapahapa huku wengi wetu mijini hatukipiki.

Sasa kuloweka. Watu wengi huloweka kwa maji matupu, na wengine hawaloweki kabisa. Loweka usiku kucha, na utie chumvi kwenye maji hayo, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita mbili. Gundi niliyoitaja hushikamana kwa msaada wa kalsiamu na magnesi. Sodiamu ya chumvi huchukua sehemu ya nafasi za madini hayo, ganda likalegea na maharage yakaiva upesi bila kupasuka. Asubuhi yasuuze, umwage maji, na pamoja nayo utamwaga sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi.

Kazi hiyohiyo wengi wetu tumezoea kuyapa magadi. Magadi hulainisha kweli, tena haraka, lakini huifanya sufuria kuwa na alkali, na vitamini B1 haistahimili alkali ikichanganyika na joto. Vitamini C ya mboga utakazoongeza humo nayo huharibika. Kwa familia inayokula ugali wa sembe kila siku, B1 si kitu cha kuchezea, maana sembe yenyewe imeshapoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo kwenye pumba. Chumvi ya kulowekea inapunguza muda wa moto, hata kama si kwa kasi ya magadi, na haikudai chochote upande wa lishe. Kwa maoni yangu magadi yabaki kwa vyakula visivyokubali njia nyingine.

Na maji? Kisima kirefu cha mtaani kwa kawaida hutoa maji magumu, yenye kalsiamu nyingi, na maharage yaliyopikwa kwa maji hayo hukaa motoni muda mrefu zaidi. Kama nyumba ina ndoo ya maji ya bomba na ndoo ya kisima, ya bomba iende kwenye maharage na ya kisima ifulie. Maji ya mvua ni mazuri zaidi.

Yakishawekwa jikoni, yachemke kwa nguvu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo usiofikisha maji kwenye kuchemka hauiondoi. Dakika 10 za kuchemka sawasawa baada ya kuloweka hutosha kuiharibu. Mimi huacha nusu saa ili niwe na uhakika. Baada ya hapo sufuria inaweza kuepuliwa ikiwa bado inatokota, ikafunikwa kwa kubana na kuwekwa ndani ya kapu lililojazwa matambara na blanketi. Joto lililomo linaendelea kupika kwa saa kadhaa bila mkaa. Jioni unairudisha motoni, inachemka tena, unaunga.

Hapo kwenye kuunga ndipo mpangilio una uzito mkubwa kuliko kote. Nyanya na ndimu zina asidi, na asidi huikaza ile gundi ambayo tumeihangaikia tangu jana. Anayetia nyanya kabla maharage hayajaiva anajiongezea mkaa. Zisubiri hadi yalainike.

Kuna sababu nyingine ya kuweka vitu vichachu mwisho, nayo ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 hadi 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49. Malaria na minyoo zimo katika sababu zake, lakini upungufu wa madini ya chuma una sehemu kubwa. Maharage yana chuma cha kutosha kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba yana pia fitati, inayokishikilia chuma hicho, na mwili huambulia asilimia chache tu. Vitamini C ikiliwa katika mlo huohuo hukifungua, na chuma kinachofyonzwa kinaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Vitamini C haipendi moto, kwa hiyo ndimu ya kukamulia mezani inafaa kuliko ndimu iliyochemshwa. Hata hivyo tusiikuze ndimu kupita uwezo wake. Kachumbari ya nyanya na pilipili hoho inaongeza nguvu, na pera linaipita mbali: kwa uzito uleule lina vitamini C kama mara nne ya chungwa. Msimu wa mapera ukifika, fungu moja baada ya maharage lina faida kubwa kuliko soda yoyote.

Kinyume chake ni chai. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula cha namna hii hupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Hakuna anayelazimika kuiacha. Isogezwe mbele tu, dakika 60 hivi baada ya kula, na hasa kwa mjamzito na msichana aliyevunja ungo. Naliona hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote katika jiko la kipato kidogo, na halina gharama.

Kiganja cha dagaa kikitiwa humo hufanya kazi mbili. Samaki husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage, na kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake, huleta kalsiamu ambayo nyumba isiyonunua maziwa huikosa. Wachague waliokaushwa kwenye vichanja. Walioanikwa mchangani waoshwe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa.

Upande wa ugali, mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Makande yalishalimaliza suala hilo zamani. Watu wa lishe husifu dona, na wana haki: kiini na pumba ndimo zilimo vitamini. Lakini sumukuvu nayo hujikusanya humohumo. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Dona iwe ya mahindi uliyoyaona mwenyewe, makavu, yaliyochambuliwa punje kwa punje kabla ya kwenda mashineni. Usipoweza hayo, nunua unga wa kiwandani wenye alama ya kuongezwa virutubishi. Kanuni zake zipo Tanzania tangu 2011.

Mchicha na matembele yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe muda mfupi, maji yake yasimwagwe, na yatiwe mafuta au karanga, kwani vitamini A ya majani haifyonzwi vizuri bila mafuta.

Kiporo cha maharage kichemshwe jioni, na asubuhi kichemke tena kabla ya kuliwa. Mtoto aliyeanza kula umtolee yake kabla hujatia pilipili na chumvi: yaponde, yachuje maganda, changanya na kijiko cha unga wa dagaa na mafuta kidogo, iwe nzito kiasi cha kutodondoka kwenye kijiko. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi humjaza maji.