B.E.2c ya Sanje: Rangi Sahihi Hutoka Kwenye Kazi ya Ndege

Mwishoni mwa Januari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, jeshi la anga la Waingereza, kilichoundwa kwa askari wa Afrika Kusini, kilishuka Mombasa. Ndege zake aina ya B.E.2c na Henri Farman zikapelekwa Mbuyuni, karibu na Taveta, kuwapeleleza askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Morogoro ilitekwa Agosti 26 mwaka huo. Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, ikaingia mikononi mwa Wabelgiji Oktoba 1917. B.E.2c ni sehemu ya historia ya mkoa wetu, na ndiyo maana tuliichagua tulipojenga modeli hapa Sanje, mkoani Morogoro.

Kazi ilianza kwa rula. Ndege yenyewe ilikuwa na mabawa ya mita 11.28 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 8.31. Kwa skeli ya 1:24, mabawa ya modeli yanakuwa sentimita 47 na urefu sentimita 34.6. Skeli ya 1:72, ambayo Airfix wameitumia kwa modeli yao ya plastiki, ingetupa mabawa yasiyofika sentimita 16. Hapo nguzo za mianzi zinakuwa nyembamba mno kuchongwa kwa wembe.

Kiwiliwili tulikichonga kwa mbao ya msonobari, ambayo ni laini na haipasuki ovyo. Nguzo nane za kati ya mabawa, na nne fupi zinazoshika bawa la juu kwenye kiwiliwili, ni za mianzi. Mbele kuna propela yenye mapanga manne, na nyuma yake injini ya silinda nane. Msaidizi wa rubani alikaa kiti cha mbele, akiwa amezungukwa na nguzo na waya, kwa hiyo bunduki yake ilikosa nafasi ya kugeuka. Rubani alikaa nyuma. Anayebadilisha viti hivyo ameificha kasoro kubwa kuliko zote za ndege hii.

Mabawa tuliyavika karatasi nyembamba badala ya kitambaa. Ukiipunguza ndege mara 24, nyuzi za kitani chake hazionekani tena. Kitambaa cha dukani kingefanana na gunia. Alama za mbavu zinatokana na vipande vyembamba vya karatasi vilivyobandikwa chini yake. Waya ni mshipi mwembamba wa nailoni, na tuliufunga baada ya kupaka rangi, maana brashi haipiti vizuri kati ya mabawa yaliyokwisha kufungwa.

Kwenye rangi ndipo wengi hukosea. Wanaangalia picha za kale na kubahatisha. Filamu za wakati ule zilinasa buluu kwa wepesi na nyekundu kwa shida: duara la buluu kwenye bawa hutoka limepauka, na kitovu chake chekundu hutoka karibu cheusi. Ukifuata picha peke yake, utapotea.

Afadhali kuuliza rangi ilikuwa na kazi gani. Kitani cha bawa kilipakwa dopu ili kikazike, lakini jua lilikichoma na kukidhoofisha. Waingereza wakaanza kutumia PC10 mwaka 1916, mchanganyiko wa udongo wa manjano na masizi kidogo, ili kuzuia miale ya jua. Kwa nchi za jua kali ikaja PC12, yenye wekundu zaidi. Ndege iliyosafirishwa kabla ya hapo inastahili rangi ya kitani chenyewe: maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo sana.

Tuliipata kwa rangi nyeupe ya maji na udongo wa Sanje uliochekechwa kwa kitambaa. Pembeni tulipaka kipande cha majaribio cha PC10 kwa udongo wa manjano, masizi ya kibatari na gundi ya mbao. Tofauti ilionekana mara moja. Rangi ya magari tuliiepuka. Chini ya milima ya Udzungwa hewa ina unyevu mwingi, na rangi ya aina hiyo ikikauka katika unyevu hufanya ukungu mweupe usiofutika.

Mkiani mistari ilianza na buluu upande wa mbele, kisha nyeupe, na nyekundu mwisho. Masizi ya injini tuliyaweka juu ya bawa la juu, katikati, kwa sababu mabomba mawili ya moshi yalisimama wima na kutokezea hapo. Modeli yenye moshi ubavuni inapendeza, lakini si ya ndege hii.

Hukumu yangu ni kwamba modeli hii imefaulu kwa sababu kila uamuzi una sababu inayoweza kutajwa. Walimu wa ufundi na wa historia waijaribu pamoja na wanafunzi wao: hesabu ya skeli, useremala, kemia ya rangi na vita vilivyopita katika bonde letu vinafundishwa juu ya meza moja.