Zimwi ni Nani? Maoni Juu ya Filamu za Kutisha za Miaka ya Karibuni

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba hadithi ya zimwi haikusimuliwa ili watoto wakose usingizi. Ilisimuliwa ili wafunzwe. Woga ulikuwa chombo cha malezi, kama ulivyokuwa wimbo wa jandoni au methali ya mzee barazani. Siku hizi mazimwi mengi wanayoyajua watoto wetu hayatoki kinywani mwa bibi. Yanatoka katika filamu, nyingi zikiwa za ng'ambo, ambazo huwafikia kwa televisheni, katika vibanda vya video, na hata katika simu ya mkononi. Kwa kuwa filamu hizo zimeingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi, yatupasa sisi tunaojishughulisha na utamaduni wa Taifa tuzipime kama tupimavyo riwaya, tamthilia na ushairi.

Wapo wasemao kwamba filamu za kutisha ni upuuzi wa kigeni, na kwamba dawa yake ni kuzikataza. Wapo wengine wasemao kwamba ni burudani tu, na kwamba mtazamaji akizima taa akalala yamekwisha. Hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Sanaa imtiayo mtu hofu imefika mahali pa ndani sana katika nafsi yake, na kitu kifikacho huko hakiwezi kuwa upuuzi wala burudani tupu. Swali la maana ni hili: je, hofu hiyo inaelekezwa kwa nani?

Kipimo cha Wahenga

Tuichukue hadithi moja ijulikanayo kwa sura mbalimbali katika pwani yetu. Wasichana walikwenda ufukoni kuokota kauri. Mmoja akaiweka kauri yake nzuri juu ya jiwe, akaisahau. Walipokuwa njiani kurudi, akawasihi wenzake wamsindikize kuichukua; wakakataa. Akaenda peke yake, akalikuta zimwi, nalo likamtia ndani ya ngoma. Kisha zimwi likazunguka vijijini, likiipiga ngoma ile huku mtoto akiimba ndani yake. Watu wakastarehe, wakalilisha zimwi likashiba. Mwishowe likafika katika kijiji cha wazazi wa mtoto, nao wakaitambua sauti ya mwana wao.

Katika hadithi hii fupi mna mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, kosa la watu hutangulia: lau wenzake wangalimsindikiza, zimwi lisingalipata mateka. Pili, zimwi halimli mtoto, bali humtumikisha. Linakula jasho la sauti yake. Tatu, wokovu unaanza pale mtu anaposikiliza. Vijiji vyote vilisikia ngoma nzuri, bali wazazi walimsikia mtoto. Hiki ndicho kipimo tunachokusudia kukitumia: tuulize ni kosa gani lililolipa zimwi nguvu, ni nani anayeliwa, na ni nani anayesikiliza.

Mtoto Ndani ya Ngoma

Mwaka 2017 ilitoka Marekani filamu iitwayo Get Out, iliyotungwa na kuongozwa na Jordan Peele. Kijana Mweusi, mpiga picha, anakwenda kuwatembelea wazazi wa mchumba wake, ambao ni Wazungu. Anapokewa kwa bashasha na maneno ya adabu. Usiku mama wa nyumba anamlaza akili kwa mlio wa kijiko katika kikombe cha chai, na kijana anajiona anadidimia katika shimo la giza, akiuona ulimwengu kwa mbali bila ya kuweza kunyanyua hata kidole. Hatimaye siri inafichuka: jamaa wale huiba miili ya watu Weusi, wakawahamishia humo bongo za wazee wao, huku mwenye mwili akibaki amefungwa ndani ya nafsi yake mwenyewe.

Msomaji atakuwa amekwisha kuitambua ngoma yetu. Kijana yule ni mtoto aliyefungiwa ndani, na mwili wake unachezwa na mwingine. Filamu hii inatisha kwa sababu zimwi lake halina pembe wala ukia. Lina nyumba safi na kauli laini, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kosa lililotangulia ni biashara ya utumwa na dharau iliyobaki nyuma yake. Peele alipata tuzo ya Oscar kwa mswada wa filamu hii mwaka 2018.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi kuliko watazamaji wengine. Filamu hii inafunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, uliotungwa na Michael Abels, uitwao Sikiliza Kwa Wahenga. Mjuzi wa lugha atasema mara moja kwamba Mswahili angesema "wasikilize wahenga." Ni kweli, na walimu wanaweza kuitumia dosari hiyo darasani kufundishia sarufi. Lakini wazo lake ni zito. Sauti za wazee zinamwonya kijana akimbie, naye haielewi lugha yao. Mababu wengi wa Wamarekani Weusi walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, wala hawakuwa wasemaji wa Kiswahili; lakini tangu miaka ya 1960, wakati sikukuu ya Kwanzaa ilipoanzishwa mwaka 1966, wengi wao wamekichukua Kiswahili kuwa alama ya Afrika nzima. Hivyo mamilioni ya watazamaji waliusikia wimbo ule kama mnong'ono wa kutisha tu. Anayejua Kiswahili peke yake ndiye aliyesikia onyo. Tunaona fahari kwa jambo hilo, na pia tunaona wajibu: lugha iliyopewa kazi ya kuwa sauti ya wahenga haifai kudharauliwa na wajukuu wake waliopo nyumbani.

Filamu ya pili ya Peele, Us, ya mwaka 2019, ambamo mwigizaji Lupita Nyong'o wa Kenya anaigiza watu wawili kwa pamoja, inaweza kufupishwa kwa methali moja: kikulacho ki nguoni mwako. Familia inavamiwa na watu wanaofanana nayo kabisa, waliosahauliwa chini ya ardhi wakati wenzao wakistarehe juu yake.

Dawa ya Deni

Kazi iliyotugusa zaidi ni His House, filamu ya Uingereza ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Remi Weekes. Mume na mke, Bol na Rial, wamekimbia vita vya Sudan Kusini. Wamevuka bahari, na mtoto aliyekuwa pamoja nao, Nyagak, amekufa maji. Uingereza wanapewa nyumba chakavu, nao wanakatazwa kuondoka humo. Usiku kuta zinasema. Mke anaeleza hadithi ya kwao juu ya mtu aliyeiba ili apate kujenga nyumba, akamwibia mchawi wa usiku aitwaye apeth, naye apeth akaja kuishi ndani ya kuta zile.

Baadaye tunaambiwa ukweli. Nyagak hakuwa mtoto wao. Bol alimpokonya mama yake katika ghasia, kwa kuwa basi la kukimbilia lilipokea wenye watoto. Basi ni nani zimwi hapa? Tungependa walimu walitafakari swali hilo pamoja na wanafunzi wakubwa. Bol si mtu mbaya. Ni mtu aliyetaka kuishi. Lakini maisha yake yamejengwa juu ya kilio cha mama mwingine, na dawa ya deni ni kulipa. Filamu haimwachi aponyoke kwa kuhamia nchi ya mbali, kujifunza kula kwa uma na kuimba nyimbo za wenyeji. Anapata ahueni pale tu anapokubali kwamba wafu wake watakaa naye nyumba moja. Eneo letu la Maziwa Makuu limepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na jambo hili si geni kwetu.

Hodi ya Mumiani

Mwaka 2025 Ryan Coogler alitoa Sinners, filamu ya wanyonya damu. Mahali ni Mississippi, mwaka 1932. Ndugu wawili mapacha, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanafungua ukumbi wa dansi kwa ajili ya watu wao waliochoka na mashamba ya pamba. Binamu yao Sammie, mwana wa mhubiri, anapiga gitaa kwa ufundi unaowaita mizimu ya waliopita na roho za wasiozaliwa bado. Muziki huo unamvuta mnyonya damu aitwaye Remmick.

Kwa desturi ya hadithi hizo, mnyonya damu hawezi kuingia mpaka akaribishwe. Sisi tuliolelewa katika hodi na karibu twaielewa sheria hiyo kuliko aliyeitunga. Adui anasimama mlangoni, anaimba vizuri, anaahidi udugu na usawa, anaomba neno moja tu. Naye hataki damu peke yake. Anamtaka Sammie na wimbo wake. Tumerudi tena kwenye ngoma ya zimwi. Uzuri wa utunzi ni kwamba Remmick naye ni mtu wa Ireland aliyenyang'anywa nchi na watu wake, akawa mnyang'anyi.

Wazee wetu hawakuhitaji filamu kulijua jambo hili. Wakati wa ukoloni zilivuma habari za mumiani na chinjachinja, watu waliosemekana kuwakamata Waafrika na kuwatoa damu kwa ajili ya wakubwa. Habari zenyewe hazikuwa za kweli, lakini woga ulikuwa na sababu: watu waliotozwa kodi na kutumikishwa kwa nguvu waliyaona maisha yao yakifyonzwa, wakalipa jambo hilo jina. Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba uvumi wa aina hiyo mara nyingi ulimwangukia mtu asiye na hatia. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo tunapofika sasa.

Bibi Kizee

Mwaka huo huo wa 2025 ilitoka filamu iitwayo Weapons, iliyoongozwa na Zach Cregger. Watoto 17 wa darasa moja wanatoka majumbani mwao usiku saa nane na dakika 17, wanakimbilia gizani, wasionekane tena. Wazazi wanamtuhumu mwalimu wao, mwanamke kijana aishiye peke yake, na gari lake linapakwa neno la kumwita mchawi. Sehemu hii ni ya thamani kubwa. Mtunzi anatuonyesha jinsi msiba unavyotafuta mtu wa kubebeshwa, na jinsi mpweke anavyobebeshwa upesi.

Lakini filamu haikuishia hapo. Baada ya kutufundisha kwamba tuhuma ni kipofu, inatupatia mchawi wa kweli: shangazi mzee, mgonjwa, mwenye sura ya ajabu. Mwishoni watoto wenyewe wanamkimbiza kikongwe yule na kumrarua, na mtazamaji amekwisha kuandaliwa afurahi. Ufundi wake hatuukatai. Uigizaji ni wa hali ya juu. Tunachokataa ni furaha ile.

Katika mikoa ya kanda ya Ziwa, hususan Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi, ilhali wekundu huo aghalabu ni wa moshi wa jikoni. Imani hiyo hiyo ya kishirikina imewaangamiza ndugu zetu wenye ualbino. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku kazi ya wapiga ramli kwa sababu hiyo. Pengine huko Marekani mtazamaji humwona yule shangazi kama kinyago cha hadithi tu. Filamu, hata hivyo, husafiri bila pasi ya kusafiria, na ifikapo penye kijiji chenye mzee wa namna hiyo, kinyago hupata jina na nyumba.

Jirani yetu Zambia ametupa mfano mwingine. Mwaka 2017 Rungano Nyoni alitoa filamu I Am Not a Witch, ambayo ni ya kejeli zaidi kuliko ya kutisha. Msichana mdogo, Shula, anatuhumiwa uchawi, anapelekwa katika kambi ya wanawake wachawi, anafungwa utepe mgongoni na kuambiwa kwamba akiukata atageuka mbuzi. Kisha ofisa wa serikali anamtumia kujipatia faida. Hapa zimwi ni wale wanaoushika utepe, na kosa lao linaonekana waziwazi.

Wajibu Wetu

Hatupendekezi kwamba filamu hizi zionyeshwe ovyo. Nyingi ni za watu wazima, na mwalimu hana budi kuheshimu madaraja ya umri. Tunapendekeza kwamba wanafunzi, ambao wengi huziona hata tusipotaka, wapewe kipimo. Waulizwe: kosa gani lilitangulia? Nani anakula, na nani analiwa? Tunafundishwa kusikiliza, au kunyoosha kidole?

Kwa watungaji wetu tuna neno pia. Filamu za Dar es Salaam, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilikwisha kuthibitisha kwamba wananchi wanapenda kuyaona mazimwi na majini ya kwao wenyewe. Hazina ipo. Iliyobaki ni kuchagua vema nani avikwe ngozi ya zimwi: mwenye kumeza fedha za umma, mwenye kununua viungo vya binadamu ili atajirike, mwenye kumpokonya mjane shamba. Hao wanatisha vya kutosha. Nasi tutajua kwamba sanaa yetu imefanya kazi yake ikiwa mtoto atokaye kutazama filamu usiku, akikutana njiani na bibi jirani mwenye macho mekundu, atamwamkia shikamoo, ampokee na mzigo wa kuni.