Muziki Katika Gari Jepesi: Hisabu ya Kilo na Masafa

Gordon Murray, mhandisi mzaliwa wa Durban aliyehamia Uingereza na kujipatia sifa kubwa kwa kubuni magari ya mashindano ya Formula 1, alipopewa na kampuni ya McLaren fursa ya kuunda gari la barabarani lisilokuwa na kifani, alikipima kila kipande kwa mizani isiyo na huruma, hata gari hilo, lililodhihirishwa Monaco mwaka 1992 kwa jina la F1, likatoka na uzito wa kilo 1,138 tu, ilhali ndani yake mlikuwa na injini ya BMW ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 6.1, viti vya watu watatu na mtambo wa kupoza hewa. Waliolisifu walisifu aghalabu mwendo wake, na wengine walistaajabia karatasi ya dhahabu iliyotandikwa katika chumba cha injini ili kurudisha joto. Wachache walitua kutazama chombo chake cha muziki, nami nadhani katika chombo hicho mna maarifa yatakayomfaa zaidi mtu wa kawaida mwenye gari la kawaida la mbio, anayelipenda gari lake na anayependa pia kusikiliza muziki ndani yake.

Kazi hiyo ilikabidhiwa kampuni ya Kenwood ya Japani, na sharti alizozitoa Murray zilikuwa chache na nzito. Redio isiwemo kabisa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na desturi ya kusikiliza redio; badala yake pawe na mashine ya kubadilishia diski za CD, kumi kwa pamoja; na vyote hivyo, spika zikiwamo, vikae ndani ya mpaka wa uzito ambao hatimaye ulifika kilo 8.5. Mtu akitazama juu juu atadhani ni takaburi ya mbuni kuondoa redio kwa sababu haipendi, lakini mimi naona hapo ndipo ilipo busara ya mpango mzima, kwa kuwa alianza kwa kuamua ni jambo gani zima litakaloachwa, kisha akadai yaliyobaki yafanywe kwa ukamilifu. Mafundi wengi hufuata njia ya kinyume: hutaka kila kitu, kisha hukata uzito kwa kukinunua kila kitu kikiwa dhaifu kidogo, hata ikawa spika hafifu, amplifaya hafifu, na kilo zilizookolewa hazitoshi kuwa fidia ya sauti iliyoharibika.

Mwaka 2020 Murray, sasa akiwa na kampuni yake mwenyewe, alitoa gari jingine la nasaba hiyo, T.50, lenye kilo 986, na chombo chake cha muziki, kilichoundwa na Arcam ya Uingereza, kina spika 10 na nguvu ya wati 700, ila uzito wake ni kilo 3.9, yaani chini ya nusu ya kile cha kwanza. Mara hii lililoachwa ni mashine ya diski, madhali muziki wote wa mtu sasa umo katika simu yake. Lakini kati ya magari hayo mawili fani yenyewe ya sauti ilikuwa imepiga hatua mbili ambazo kila fundi wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuzitumia leo bila ya kuwa na mali ya tajiri wa Ulaya.

Hatua ya kwanza ni ya sumaku. Spika ni koni iliyofungiwa koili ya waya ndani ya uga wa sumaku, na katika spika za zamani sehemu kubwa ya uzito ni ile pete nyeusi ya feraiti iliyo mgongoni; sumaku za neodimiamu, zilizovumbuliwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hubeba katika ujazo uleule nguvu inayokaribia mara kumi ya feraiti, hivyo spika ya mlangoni yaweza kupoteza nusu ya uzito wake au zaidi bila ya kupoteza sauti. Hatua ya pili ni ya amplifaya. Zile za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu ya umeme kwa kuugeuza kuwa joto, na joto hilo huhitaji mbavu nene za alumini za kulitoa nje, na mbavu hizo ndizo zinazoufanya mkono wa fundi uteremke anapoinyanyua. Amplifaya za aina ya D, ambazo huuwasha na kuuzima umeme maelfu na maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuubana mfululizo, hutumia vema asilimia 80 hadi 90 ya umeme zinaopewa, na kwa hiyo ile inayozitosha spika nne yaweza kukaa katika kiganja.

Sasa natuchukue gari lililo karibu nasi: Subaru Impreza la kizazi cha kwanza, lililozaliwa mwaka uleule wa 1992, ambalo ndugu yake wa mashindano alishinda Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na ambalo hadi leo lina wapenzi waaminifu katika Afrika ya Mashariki. Aina zake za turbo zina uzito upatao kilo 1,250. Wengi wa wenye magari haya waliyapata kutoka Japani yakiwa na redio za huko, ambazo masafa yake ya FM huanzia 76 na kukomea 90, ilhali vituo vyetu vimetawanyika kutoka 88 hadi 108, hata redio hiyo ikawa inashika ukingo mdogo tu wa matangazo ya nchi. Uamuzi aliouchukua Murray kwa mapenzi yake, sisi twaweza kuuchukua kwa ulazima: itolewe redio pamoja na chuma chake chote, na mahali pake pawekwe kipokezi kidogo cha simu na prosesa ya sauti, ambavyo pamoja havifiki nusu kilo.

Swali linalofuata ndilo lililo zito kupita yote, nalo ni la besi. Sanduku la sabufa linalopendwa na vijana, lenye pande za sentimita 40, likijengwa kwa mbao za MDF za unene wa milimita 18, lina eneo la karibu mita moja ya mraba, na mbao hizo huwa na uzito wa kilo 13 au 14 kwa kila mita ya mraba. Basi kabla sabufa yenyewe haijatiwa, mwenye gari ameshajitwika mzigo unaozidi chombo kizima cha muziki cha McLaren, tena ameuweka nyuma ya ekseli, mahali ambapo kila kilo huongeza uzito wa gari katika kugeuka, kwa kuwa kitu kilicho mbali na kitovu hukataa kuanza kuzunguka na kikishaanza hukataa kuacha. Aliyetumia fedha kwa springi na tairi bora, kisha akaweka sanduku hilo butini, amevunja kwa mkono wa kushoto alichokijenga kwa wa kulia.

Lakini je, besi ile yahitajika? Injini yenye mapigo manne hulipua kila silinda mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa milipuko 100 kwa sekunde, yaani mngurumo wa hezi 100; na bomba la Subaru, ambalo njia zake za moshi hazikulingana urefu, huongeza chini ya hapo mtikisiko ambao wapenzi wa gari hili huutambua kutoka mtaa wa pili. Ukiongeza ngurumo za tairi na upepo, ambazo nazo nguvu zake nyingi ziko chini, utaona kwamba sauti zote za chini ya hezi 60 katika gari linalokwenda zimezama tayari, na ili kuziinua juu ya kelele hiyo nguvu yapasa iongezwe maradufu kwa kila desibeli tatu, gharama ambayo haina mwisho. Waya mzito kabisa wa gitaa la besi hulia kwa hezi 41. Hata hivyo sikio la mwanadamu lina tabia ya ajabu, kwani likizisikia sauti za juu za waya huo, za hezi 82 na 123 na kuendelea, huijenga lenyewe ile ya chini isiyokuwapo. Fauka ya hayo chumba cha gari ni kidogo na kimefungwa, na katika chumba cha namna hiyo sauti nzito husukuma hewa yote kwa pamoja na kuongezeka nguvu, hivyo spika ya sentimita 16.5 mlangoni, ikiwekwa sawasawa, hushuka hadi hezi 60 kwa heshima. Kwa mpenzi wa taarabu, ambaye roho yake imo katika fidla, kanuni, udi na sauti ya mwimbaji, hakuna hasara. Wala kwa rumba na benga sioni hasara kubwa.

Nimesema ikiwekwa sawasawa, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mlango wa Impreza ni mwembamba, kioo chake hakina fremu, na bati lake lina matundu ya mafundi wa kiwandani. Spika ikifungwa hapo bila ya matayarisho, sauti ya mgongo wa koni hupita katika matundu, ikakutana na ile ya mbele na kuifuta. Yazibwe matundu hayo kwa bati jembamba la alumini, na spika ifungwe kwa skrubu juu ya pete ya plastiki ngumu, kwa kuwa pete ya MDF hunywa maji ya mvua yanayoteremka ndani ya mlango na kuvimba, hasa katika miji ya pwani. Ama vile viraka vya lami au mpira wa butili vya kuzuia mtetemo, ambavyo wauzaji hushauri vitandikwe kila mahali, yapasa kujulikana kwamba robo ya eneo la bati, ikibandikwa katikati palipo na mtetemo mwingi, hufanya sehemu kubwa ya kazi; milango miwili ya mbele hutoshelezwa na uzito usiozidi kilo moja, na kinachozidi hapo hubebwa kwa faida ndogo sana.

Amplifaya na ikae chini ya kiti cha abiria wa mbele. Mahali hapo pako chini na karibu na kitovu cha gari, na kwa kuwa dereva wetu huketi kulia, uzito wa kushoto husaidia kumsawazisha kidogo. Kadhalika waya wa umeme kutoka kwenye betri hufupika. Hisabu yake ni hii: waya wa shaba wa milimita 21 za mraba, unaofika butini kwa mita 5, una shaba ya gramu 940, ambapo waya wa milimita 8 za mraba kwa mita 3 una gramu 215 tu, nao hupitisha ampea 25 kwa upotevu usiofika robo ya volti. Wako wanaoshauri waya wa alumini, kwa hoja kwamba kwa ukinzani uleule uzito wake ni nusu ya shaba, na hoja hiyo ni sahihi. Lakini nusu ya gramu 215 ni kitu kidogo, na alumini katika hewa ya chumvi huota kutu nyeupe kwenye maungio, ikazaa joto. Kuufupisha waya na kuupunguza unene kumeokoa karibu mara saba ya kile ambacho kubadili madini kungeokoa, tena bila ya hatari. Fyuzi ya ampea 30 isiwe mbali na betri zaidi ya shubiri moja.

Jambo moja la F1 hatuwezi kuliiga kwa chuma, nalo ni kiti cha dereva kilichowekwa katikati, kwa maana hapo spika za kulia na za kushoto zote ziko mbali sawa na masikio, na mwimbaji husimama mbele ya msikilizaji bila ya ufundi wowote. Katika gari letu spika ya kulia yaweza kuwa sentimita 90 kutoka kwa sikio na ya kushoto sentimita 140, na sikio huamini ile iliyotangulia kufika, hata bendi nzima ikahamia goti la kulia. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti hiyo ya nusu mita ni milisekunde 1.5, na prosesa ikiichelewesha spika ya kulia kwa kiasi hicho, mwimbaji hurejea mahali pake juu ya dashibodi. Marekebisho haya hayana uzito hata wa gramu moja, nayo huzidi faida ya kubadili spika za bei yoyote.

Tukijumlisha, spika mbili za milango na twita zake za sauti za juu ni kilo mbili, amplifaya kilo moja, prosesa na kipokezi nusu kilo, nyaya zote kilo moja kasoro, viraka vya milango kilo moja. Jumla haifiki kilo 6, na ukiiondoa redio ya zamani na spika za nyuma, gari laweza kubaki na uzito uleule liliokuwa nao. Anayesikiliza zaidi bongo fleva, ambayo besi yake hutoka katika kompyuta na haina sauti za juu za kutosha kulisaidia sikio, ataona upungufu, nami simlaumu. Huyo na aweke sabufa bapa ya inchi 8 chini ya kiti cha dereva, ya sumaku ya neodimiamu, yenye kilo tatu au nne, ifungwe kwa bolti kwenye sakafu ya chuma, na ikatwe isipande juu ya hezi 80 wala kupewa kazi ya chini ya hezi 40; na asiirekebishe gari likiwa limeegeshwa, bali mwenzake ashike usukani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa na vioo vikiwa vimepandishwa, naye aketi akiipandisha sauti yake kidogo kidogo mpaka itoke juu ya mngurumo wa injini, aiache hapo.