Heko, Mjenga Boma

Mbuzi unayemwona asubuhi katika soko la mifugo la Emali alilala salama kwa sababu kuna mtu aliyechomwa mikono na miiba. Nampongeza huyo: mjenga boma. Ana panga, mti wa panda wa kuvutia matawi, na akala za tairi miguuni. Hukata matawi ya mgunga na kikwata, akayapanga mashina ndani, miiba nje, akayashindilia hadi fisi akate tamaa. Mgunga una miiba mirefu iliyonyooka na mifupi ya kulabu. Ukikwepa mwiba huu, ule umeshashika shati. Fundi hodari haangushi mti mzima: maganda ya mgunga hulisha mbuzi kiangazi, na nyuki hupenda maua ya kikwata. Ukimwita, mlipe siku hiyo hiyo. Na sindano ya kutolea miiba uiweke karibu.